Risasi ya Sarajevo na wapagazi wa Kariakoo

Tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Kiingereza iitwayo Astraea ilitokea mbele ya bandari ya Dar es Salaam na kuupiga mizinga mnara wa redio wa Wajerumani. Siku 11 tu zilikuwa zimepita tangu Austria-Hungary itangaze vita dhidi ya Serbia. Wavuvi wa Kunduchi na wakulima wa Uzaramo hawakuwa na ugomvi na Serbia wala na Austria. Kifo cha Franz Ferdinand, mrithi wa ufalme wa Austria aliyepigwa risasi mjini Sarajevo tarehe 28 Juni, hakikuwahusu kwa lolote. Vita viliwafikia hivyo hivyo.

Mlolongo wenyewe unajulikana. Urusi ilikusanya majeshi kuitetea Serbia. Ujerumani, mshirika wa Austria, ikatangaza vita dhidi ya Urusi tarehe 1 Agosti na dhidi ya Ufaransa tarehe 3. Kesho yake majeshi yake yakaivamia Ubelgiji, nchi ambayo mataifa makubwa yalikuwa yameihakikishia kwa mkataba wa mwaka 1839 kwamba haitaguswa. Uingereza ilikuwa miongoni mwa waliotia saini mkataba huo, nayo ikaingia vitani siku hiyo hiyo. Mfalme wake alipoingia aliingia na India, Kenya, Uganda, Zanzibar, Nyasaland, Nigeria na Gold Coast. Kaiser wa Ujerumani naye aliingia na Tanganyika, Rwanda na Burundi, ambazo wakati huo zilikuwa koloni moja.

Wapo wanaosimulia mlolongo huu kana kwamba vita vilijiendesha vyenyewe na hakuna aliyeweza kuvizuia. Mimi sikubaliani nao. Kila hatua ilikuwa na mtu aliyekaa mezani akatia saini, na kila mmoja angeweza kukataa. Waliokosa nafasi ya kukataa ni watu wa huku kwetu, ambao hawakuketi kwenye meza yoyote.

Tena kwa upande wa Afrika Mashariki njia ya kujinasua ilikuwepo, na iliandikwa. Mkataba wa Berlin wa mwaka 1885, ule ule uliohalalisha kugawanywa kwa bara letu, ulikuwa na kifungu kilichoruhusu nchi za eneo lililoitwa bonde la Kongo ziwekwe nje ya vita endapo wakubwa wao watakubaliana. Eneo hilo lilichorwa kwa ajili ya biashara, likanyooshwa hadi pwani ya Bahari ya Hindi, na makoloni ya Wajerumani na ya Waingereza katika Afrika Mashariki yalikuwa ndani yake. Gavana wa Kijerumani, Heinrich Schnee, alitaka kifungu hicho kitumike. Aliafikiana hata na makamanda wa manowari za Kiingereza kwamba Dar es Salaam na Tanga hazitatumika kivita. Serikali ya Ubelgiji nayo iliwahi kuuliza kama Kongo ingeweza kubaki nje.

London na Paris hazikukubali, na Uingereza ikayakana makubaliano ya bandarini. Upande wa Wajerumani, kamanda wa jeshi, Paul von Lettow-Vorbeck, hakutaka kusikia habari ya amani. Hesabu yake ilikuwa kwamba kila askari wa Kiingereza atakayelazimika kuja Afrika ni askari aliyepungua kwenye mahandaki ya Ufaransa. Tarehe 15 Agosti vikosi vyake vilikuwa vimeshaiteka Taveta, ndani ya ardhi ya Kenya. Kwa maneno mengine, nchi yetu iligeuzwa uwanja wa vita ili mambo yawe mepesi kwa Wajerumani huko Ulaya. Sijui kama kuna sababu ndogo kuliko hiyo ya kuwaua watu.

Baada ya hapo kila jirani aliingizwa kwa mlango wake. Tarehe 22 Agosti meli ya Kijerumani ya Ziwa Tanganyika, Hedwig von Wissmann, iliishambulia bandari ya Lukuga upande wa Kongo, na matumaini ya Wabelgiji ya kukaa pembeni yakafa. Tarehe 20 Septemba manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza ndani ya bandari ya Zanzibar ilipokuwa ikitengenezwa mitambo. Mapema Novemba jeshi la watu wapatao 8,000 lililoletwa kutoka India lilishuka Tanga likapigwa na watetezi wapatao 1,000 tu, likarudi melini na kuacha nyuma bunduki na risasi ambazo Lettow-Vorbeck alizitumia muda mrefu. Ureno ilisitasita hadi mwaka 1916. Kwa kuombwa na Uingereza ilizikamata meli za Kijerumani zilizokuwa bandarini mwake, na tarehe 9 Machi Ujerumani ikaitangazia vita. Ndipo Msumbiji nayo ikawa imeingia, na Ruvuma ikageuka mstari wa mapambano.

Katika shule zetu vita hivi hufundishwa kwa kutaja mapigano: Tanga, Salaita, Mahiwa. Mapigano hayo ni sehemu ndogo ya habari. Vita vya Afrika Mashariki vilikuwa vita vya mizigo.

Reli zilikuwa tatu za maana: ya Mombasa hadi Kisumu, ya Tanga hadi Moshi, na ya Dar es Salaam hadi Kigoma, iliyokamilika mwaka ule ule wa 1914. Nje ya reli palikuwa na pori, mbung'o na mvua. Farasi na ng'ombe wa kukokota walikufa kwa maelfu, na magari yalikwama kwenye matope. Ikabaki mabega na vichwa vya watu. Mpagazi hubeba kilo 25 hivi na hula karibu kilo moja ya nafaka kwa siku. Mpeleke mwendo wa siku 10 kutoka kituo cha reli kisha umrudishe: atakuwa amekula kilo 20 na amefikisha kilo 5. Kikosi cha askari 100 kinachokula kilo 100 kwa siku kitahitaji wapagazi 20 wafike kila siku. Na kwa kuwa kila mmoja yuko njiani siku 20, jumla yao ni 400, kwa chakula peke yake, kabla hujahesabu risasi, mahema, dawa na mizinga. Jeshi likisogea mbali zaidi na reli, idadi hiyo inapanda kwa kasi ya kutisha. Lettow-Vorbeck alisogea mbali kila mwaka.

Ndiyo maana Waingereza na washirika wao waliwachukua watu wasiopungua milioni moja katika miaka minne. Nchini Kenya sheria ya mwaka 1915 iliruhusu kuwakamata wanaume kwa nguvu, na katika msako mkubwa wa mwaka 1917 zaidi ya watu laki moja walikusanywa kwa miezi michache. Machifu walipewa idadi ya vichwa vya kutoa. Wabelgiji waliwatumia watu zaidi ya laki mbili. Wajerumani walikamata watu vijijini walikopita, tena bila kuweka kumbukumbu ya kutegemewa, na ndiyo maana hesabu ya waliokufa upande wao hatuwezi kuitaja.

Risasi iliua wachache. Wengi waliuawa na kuhara damu, malaria, nimonia na njaa. Watu waliozoea ndizi huko Uganda walipewa unga wa mahindi usioiva vizuri, matumbo yakawaharibika, wakafia kando ya njia. Mvua za mwanzoni mwa 1917 ziliifurisha Rufiji, na hata askari wa Nigeria waliokuwa ng'ambo ya mto walikaa na njaa kwa sababu mizigo haikupita. Rekodi rasmi za Waingereza zinataja vifo zaidi ya 95,000 vya wapagazi, na kati yao karibu 45,000 ni wa Kenya. Wanahistoria wengi wanaamini idadi kamili ni kubwa zaidi. Ofisa mmoja wa Wizara ya Makoloni mjini London aliandika baadaye kwamba mambo haya hayakugeuka kashfa kwa sababu moja tu: walioumia zaidi walikuwa wapagazi, na nani angewajali?

Wapo waliokataa mapema. John Chilembwe, mchungaji wa Nyasaland, aliandika barua kwa gazeti la Nyasaland Times mwezi Novemba 1914 akipinga Waafrika kufia ugomvi usiowahusu. Januari 1915 aliongoza uasi, na tarehe 3 Februari aliuawa. Msumbiji, watu wa Barue waliasi mwaka 1917, na ukamataji wa wapagazi ulikuwa moja ya sababu zao. Nawataja kwa makusudi, maana tumezoea kusikia kwamba wazee wetu walikwenda kimya kimya.

Majeshi yalipopita, chakula kilikwenda nayo. Ugogoni Wajerumani walichukua nafaka na mifugo, Waingereza wakaja wakachukua kilichobaki, na wanaume wa kulima walikuwa wamebebeshwa mizigo mbali na kwao. Kisha mvua ikakosekana. Wagogo wanaikumbuka njaa hiyo kwa jina la Mtunya, na inakadiriwa kwamba iliua watu 30,000. Mwaka 1918 mafua makali ya dunia yaliingia kwa meli na kusambaa kwa reli kwa watu waliodhoofika tayari. Vijiji vilivyokuwa vimevuka vita vikazika watu tena.

Bunduki zilinyamaza Ulaya tarehe 11 Novemba 1918. Huku habari ilimfikia Lettow-Vorbeck akiwa Rhodesia ya Kaskazini, na tarehe 25 Novemba alisalimisha silaha Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala, Zambia, akiwa na askari Waafrika zaidi ya 1,100. Alirudi Berlin akapokewa kama shujaa asiyeshindwa. Mimi nashindwa kumhesabu shujaa mtu aliyepitisha vita katika mashamba ya watu kwa miaka minne huku akijua toka mwanzo kwamba hawezi kushinda hapa.

Baada ya hapo watu wakaketi tena mezani, na tena bila sisi. Mwaka 1919 Uingereza na Ubelgiji zilikubaliana kugawana koloni la Wajerumani. Rwanda na Burundi zikaenda kwa Wabelgiji, sehemu kubwa iliyobaki ikawa Tanganyika chini ya Waingereza, na pembe ndogo ya Kionga, kusini mwa mdomo wa Ruvuma, ikapewa Ureno. Katika miaka ya 1930 Wabelgiji waliwagawia Wanyarwanda vitambulisho vilivyoandikwa Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Mwaka 1994, kwenye vizuizi vya barabarani, kitambulisho kilitosha kumtenganisha wa kuishi na wa kufa. Sisemi kwamba vita vya 1914 ndivyo vilivyoleta mauaji ya kimbari. Nasema kwamba mwenye nchi alibadilishwa bila wenyeji kuulizwa, na aliyeletwa aliacha alama hiyo.

Nchini Kenya, kipande, yaani cheti cha utambulisho kilichopitishwa kisheria mwaka 1915, kilianza kutumika mara baada ya vita, na kila mwanaume Mwafrika akalazimika kutembea na alama za vidole vyake shingoni. Serikali ilikuwa imejifunza vitani namna ya kuwaandikisha watu kwa wingi. Wanajeshi wa zamani Wazungu waligawiwa mashamba mwaka 1919, mengine kwenye ardhi ya Wanandi. Mpagazi aliyerudi alikuta kodi imepanda. Mpinga ukoloni Harry Thuku aliyakusanya manung'uniko hayo, akakamatwa Machi 1922, na watu waliokwenda Nairobi kudai aachiliwe wakapigwa risasi.

Mishahara ya maelfu ya wapagazi waliokufa haikuwafikia warithi wao. Fedha za kusimamisha sanamu zilipatikana, na ile ya Askari katikati ya Dar es Salaam iliwekwa mwaka 1927. Haina jina hata moja la marehemu. Kambi ya wapagazi ikawa soko na mtaa, Kariakoo ya Dar es Salaam, na ile ya Nairobi ikawa Kariokor. Maelfu hupita hapo kila siku kununua vitenge na nyanya, wala sijaona kibao cha kuwaeleza kwamba hapo ndipo walipokusanywa watu wale.

Aprili 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza aliomba radhi bungeni. Radhi hiyo ni ya haki, lakini tusikae tukisubiri London itutafutie babu zetu. Serikali za Tanzania na Kenya zina nyaraka za wakati huo kwenye hifadhi zao, na zina walimu wa historia katika kila wilaya. Mnara wenye majina Kariakoo na Kariokor si gharama ya kuzishinda.

Nawe msomaji, kama nyumbani kwenu kuna mzee anayekumbuka kwamba mtu wa ukoo alichukuliwa kubeba mizigo ya vita vya Mjerumani na asirudi, kaa naye wikendi hii. Andika jina lake, kijiji alichotoka na mahali inaposemekana alifia, kisha ulipeleke kwenye Nyaraka za Taifa au kwa mwalimu wa historia aliye karibu nawe.