Povu la Kuogea kwa Sabuni Kidogo

Vipande vidogo vya sabuni ya kuogea visivyoshikika tena visitupwe. Vikusanye mpaka vifike gramu 100, uvikaushe, kisha uvikwangue kwa kisu. Chemsha lita moja ya maji ya mvua, epua, tia sabuni hiyo, ukoroge polepole mpaka iyeyuke. Ongeza vijiko viwili vya gliserini ya duka la dawa, ili ngozi isikauke. Kesho yake utaikuta imeganda kama uji. Izimue kwa maji ya moto. Vijiko vitatu katika karai, ukimimina maji kwa nguvu, vyatosha. Povu lake si jingi kama la dukani, lakini lapendeza.

Mbona maji ya mvua? Maji ya visima vingine yana chokaa, nayo hushikana na sabuni ikawa utando ukingoni mwa karai. Hapo sabuni yaliwa bure. Mwenye paa la mabati na pipa, awe Kitale au Bungoma, ana faida.

Wako watakaotaka kuongeza munyu, yale maji ya jivu la maganda ya maharagwe ambayo akina mama wa Bungoma huyachuja. Kwenye mboga ni mzuri (kunde bila munyu mimi sizitaki), lakini katika maji ya kuogea huchoma macho na kuwasha ngozi. Sabuni ya unga ya kufulia vilevile isitiwe. Mtoto mchanga maji matupu yamtosha.

Usihifadhi povu hili katika chupa ya soda, maana mtoto atadhani ni kinywaji. Tafuta kopo lenye kifuniko, liandike SABUNI, uliweke juu asipofikia.