Injini ya Pampu ya Zimamoto Yarusha Ndege

Mwaka 1960 mafundi wa klabu ya ndege huko Eastleigh, karibu na Southampton, Uingereza, walichukua ndege ndogo ya mbao na kitambaa aina ya Currie Wot, wakaifunga injini ya turbini kutoka kampuni ya magari ya Rover. Injini hiyo, yenye nguvu za farasi 60, ilitokana na ile iliyouzwa kwa kuendeshea pampu za kuzimia moto.

Currie Wot haikuwa kazi ya kiwanda kikubwa. Ilibuniwa mwaka 1937 iwe ndege rahisi ya mtu mmoja, yenye mabawa mawili, moja juu ya jingine. Mbili za kwanza ziliteketezwa kwa mabomu ya Wajerumani mwaka 1940. Baada ya vita, Viv Bellamy wa klabu ya Eastleigh ndiye aliyeifufua. Hii ya turbini waliiita Jet Wot, ingawa haikusukumwa na moshi bali iliendeshwa na rafadha, lile panga la mbele.

Turbini yenyewe si kitu cha ajabu. Hewa hufyonzwa na kubanwa, mafuta ya taa huchomwa ndani yake, na moshi wa moto hupiga visu vya gurudumu, nalo likazunguka. Hakuna pistoni.

Taabu ni mwendo. Gurudumu la Rover lilizunguka mara 46,000 kwa dakika. Rafadha ya ndege ndogo hutaka kama 2,500 tu. Ikizidi sana, nguvu zote huishia kwenye kelele. Kwa hiyo lazima iwepo giaboksi ya kupunguza mwendo mara 18 hivi, tena iwe nyepesi. Fundi mashine anajua maana yake: meno ya gia yakikosewa kidogo tu, beringi zinaungua.

Na hapo maisha ya mtu yamo hatarini. Aliyewahi kuona jiwe la kunolea likipasuka mashineni atafahamu upesi. Gurudumu hili liko mbele ya miguu ya rubani! Ndiyo sababu injini ya namna hii hufungwa kwanza chini, ikajaribiwa kwa saa nyingi, na hakuna anayeruhusiwa kusimama ubavuni mwake, usawa wa gurudumu. Saa mbaya kuliko zote ni ya kuwasha. Mafuta yakitangulia kabla gurudumu halijapata mwendo, visu huungua kwa sekunde chache. Ekzosi nayo lazima ielekezwe mbali na kitambaa.

Tena turbini ni nyepesi, basi husogezwa mbele ili ndege isilemee mkiani. Ndiyo maana ndege za aina hii huwa na pua ndefu.

Lakini kwa maoni yangu kilichoishinda kazi hii ni mafuta. Turbini ndogo hunywa zaidi ya maradufu ya injini ya pistoni yenye nguvu sawa, na ndege ya mtu mmoja haina mahali pa kuweka tangi kubwa.

Baadaye ndege ile ilirudishiwa injini ya pistoni. Turbini nyingi za Rover za ukubwa huo zilipelekwa vyuo vya ufundi, wanafunzi wakazitumia kujifunza kuwasha, kuzima na kusoma vipimo.