Mmea unaoweza kuokoa maji ya Thwake

Ukivuta maji ya choo pale Umoja au Kayole, usidhani stori imeishia hapo. Majitaka ya Nairobi, yale yanayosafishwa Ruai na yale yanayomwagika tu mtoni, huingia Mto Nairobi, kisha Mto Athi, halafu yanateremka hadi Ukambani. Na huko, mpakani mwa Makueni na Kitui, serikali imekuwa ikijenga Bwawa la Thwake tangu 2018. Limepangwa kubeba mita milioni 688 za ujazo za maji ya kunywa, kumwagilia mashamba na kuzalisha umeme.

Shida iko wapi? Majitaka yamejaa naitrojeni na fosforasi, yaani ni mbolea tupu. Maji yakitulia bwawani, mbolea hiyo inalisha gugumaji. Unabisha? Cheki Nairobi Dam, pale karibu na Kibra. Lilijengwa 1953 na watu walikuwa wakiendesha mashua hapo. Baadaye gugumaji lililifunika lote.

Sasa geuza hiyo picha. Kama mmea unapenda mbolea hivyo, si tuupande mahali tunapotaka sisi, kabla maji hayajafika bwawani?

Mbinu yenyewe si ngumu. Unachimba kidimbwi, unakijaza kokoto, unapanda matete au mafunjo. Majitaka yanapita polepole chini ya kokoto. Bakteria walio kwenye mizizi wanavunja uchafu, nao mmea unafyonza mbolea. Kwa kuwa maji hayaonekani juu, mbu hawapati pa kuzaana. Mkahawa wa Carnivore, Nairobi, ulianza kusafisha majitaka yake kwa mimea 1994. Gereza la Shimo la Tewa kule Mombasa nalo lilijengewa mfumo kama huo.

Halafu kuna hela. Mimea hii lazima ivunwe, la sivyo inaoza na kurudisha uchafu majini. Matete yanaezeka nyumba. Gugumaji likikatwakatwa na kuchanganywa na kinyesi cha ng'ombe linatoa gesi ya kupikia, na masalio yake ni mboji. Kitui ilipopiga marufuku usafirishaji wa makaa 2018, hitaji la moto jikoni halikuisha. Hapo kuna kazi ya kijana.

Ila usiruke hatua. Mimea hufyonza pia metali nzito kama risasi, kwa hivyo iliyokua kwenye maji ya viwandani usimpe ng'ombe wala kuku. Na viwanda vyenyewe lazima vizuiwe kumwaga sumu mtoni; hilo matete peke yake hayaliwezi.

Lakini majitaka ya shule, soko au hoteli pale Wote, Makindu au Kitui mjini? Hayo matete yanayamudu. Kwa hivyo kaunti ikiitisha kikao cha bajeti, wewe nenda, uliza: majitaka yetu yanaenda wapi? Tusipochagua mahali pa kupanda mimea hii, gugumaji litajichagulia lenyewe, na litachagua Thwake.