Korongo-taji na Mabonde ya Gusii

Msafiri ashukaye kutoka vilima vya Tabaka, huku Gusii nchini Kenya, penye machimbo ya mawe ya sabuni ambayo wachongaji wa huko huyageuza kuwa viboko, tembo na ndege wa kila namna, huyakuta mabonde ambayo zamani yalikuwa vinamasi vilivyosheheni mafunjo, na sasa aghalabu yamekatwa mifereji, yakapandwa nduma, majani ya nepia na mikaratusi, au udongo wake umechimbwa ukafyatuliwa matofali. Si ajabu: katika Kaunti ya Kisii, ilimo Tabaka, sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 900 katika kila kilomita mraba, na shamba ligawanywalo kwa wana, kisha kwa wajukuu, huteremka kidogo kidogo mpaka likaingia majini.

Aliyedhurika mno ni korongo-taji, yule mwenye shungi la dhahabu aliyewekwa katika bendera ya Uganda mwaka 1962. Mnamo 1985 walikisiwa kuwa zaidi ya 100,000 barani Afrika. Leo hawafiki nusu ya hao, na tangu 2012 wamo katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka.

Ndege huyu hula mashambani, panzi, vyura na mbegu, na usiku hulala mtini. Lakini kwa kawaida hatagi ila ndani ya matete, penye maji ya kina kifupi, ambako mbwa na watoto wachungaji hawafiki kwa urahisi. Huyaatamia mayai yake mawili au matatu takriban mwezi mmoja, na makinda hukaa miezi miwili au mitatu mingine kabla ya kuruka, hata ikawa ahitaji miezi mitatu au minne ambayo maji hayakauki wala hayafuriki. Muda huo, nionavyo mimi, ndio kiini cha mambo, maana mkaratusi hunywa maji ya bonde mwaka mzima, mfereji huyaondosha, na mbingu nazo zimebadili desturi: joto la dunia likizidi, hewa hubeba mvuke mwingi zaidi, mvua ikaja kwa kishindo ikagharikisha kiota, kisha kiangazi kikali kikafuata na kumfungulia adui njia kavu.

Wala mtu asidhani kwamba mashimo ya machimbo yaliyojaa maji yatakuwa badala ya kinamasi. Kingo zake ni wima, maji yake ni ya kina, hayana tope wala tete la kujengea kiota.

Mwaka 2009 marehemu John Michuki, aliyekuwa waziri wa mazingira wa Kenya, aliamuru mikaratusi iondolewe kandokando ya vyanzo vya maji, na mwaka huohuo zikatungwa kanuni za kuhifadhi ardhi oevu. Lakini mkaratusi ni nguzo, ni kuni, ni karo ya mtoto, na amri isiyompa mkulima mbadala ni vigumu kutekelezeka. Mimi ningeomba jambo dogo zaidi: maadamu nduma hustahimili maji, zipandwe pembezoni pasipo mifereji, na ukanda wa mafunjo wa katikati usiguswe tangu korongo atagapo hadi makinda yarukapo, ndipo mafunjo yavunwe kwa mikeka.