Dawa ni Amana: Funzo Kutoka Migori na Homa Bay



Mama mpendwa, mtoto anapoharisha usiku kucha, moyo hautulii. Kulipokucha, jirani mwenye nia njema hukuletea vidonge vya antibiotiki vilivyosalia nyumbani kwake. Kabla ya kuvipokea, sikiliza habari ya kaunti mbili za kando ya Ziwa Viktoria, zilizo mbali na pwani yetu lakini zenye watoto kama wetu.

Ipo dawa iitwayo azithromaisini, iliyogunduliwa na wanakemia wa kampuni ya Pliva mjini Zagreb mwaka 1980. Ni miongoni mwa zile ziitwazo molekuli ndogo: chembe ya kemikali iliyo nyepesi kiasi cha kumezwa, ikapenya utumbo na kusafiri katika damu hadi walipo bakteria. Huwazuia bakteria kujijenga, na pia hupunguza uvimbe ambao mwili wenyewe huuzusha unapopigana na maradhi.

Kwa sifa hizo mbili, wataalamu walijiuliza: je, mtoto anayeharisha hadi kukaukiwa maji, au aliye na utapiamlo, akipewa dawa hii kwa siku 3, ataokoka zaidi? Jaribio lilifanywa katika nchi 7, na hapa Kenya likafanywa Migori na Homa Bay. Watoto zaidi ya 8,000, wa miezi 2 hadi 23, waliandikishwa. Nusu walipewa dawa, na nusu wakapewa kinyweo kilichofanana nayo kisicho na dawa ndani yake. Wote walipata tiba ya kawaida ya maji ya ORS na zinki. Wenye kuhara damu hawakuingizwa, kwani hao huhitaji antibiotiki.

Matokeo yalitangazwa mwaka 2021. Katika makundi yote mawili, watoto zaidi ya 99 katika kila 100 walikuwa hai baada ya siku 180, na tofauti ya vifo haikuwa ya kutegemewa. Basi ikiwa dawa hiyo, chini ya macho ya madaktari, haikuthibitika kuwafaa, vidonge vya jirani vitamfaa nini mtoto wako?

Madhara yapo. Kila antibiotiki itumiwapo bure, bakteria dhaifu hufa, wale sugu wakabaki na kuzaana. Na dawa mpya hazipatikani kwa wepesi. Molekuli nyingi hushindwa kabla ya kumfikia mgonjwa. Mwezi Machi 2025 Marekani iliidhinisha gepotidasini kwa maambukizi ya njia ya mkojo ya wanawake, aina mpya ya kidonge kwa maradhi hayo baada ya karibu miaka 30. Mtoto wa leo hawezi kungoja miaka 30.

Tumefunzwa kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia dawa. Dawa hiyo, basi, ni amana mikononi mwetu. Mtoto akiharisha, mnyweshe ORS kidogo kidogo, mpe zinki kama alivyoagiza mhudumu wa afya, wala usimwachishe ziwa. Ukiona damu chooni, macho yamezama, au hawezi kunywa, mkimbize hospitali. Akiandikiwa antibiotiki huko, mpe kama ulivyoelekezwa, wala usimgawie mwingine.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu. Amin.