Kinasa sauti cha kaseti: Chunguza umeme kabla ya kukiwasha

KATIKA nyumba nyingi nchini, ndani ya sanduku la bati au juu ya kabati, kungali na kaseti ambazo hazijachezwa kwa zaidi ya miaka ishirini. Baadhi zina nyimbo za taarab au mahubiri, na hizo huenda zikapatikana kwingine. Lakini zipo zilizohifadhi sauti ya nyanya akisimulia jinsi ukoo ulivyohama, au maneno ya baba siku ya kupokea mahari. Kaseti ya aina hiyo aghalabu haina nakala.

Anayetaka kuisikiliza leo hulazimika kwanza kutafuta kinasa sauti. Hununua kilichotumika, au hufufua kile kilichokuwa cha babake. Hapo ndipo hasara hutokea, na mara nyingi chanzo chake si kaseti bali ni umeme.

Mpwa wangu alipata kinasa kimoja cha mkononi, kile chenye vitufe vilivyopangwa safu moja, ambacho wanahabari wa rika langu walikibeba kila walikotumwa. Hakuwa na betri. Akachukua adapta ya kile kifaa cha kusambaza intaneti nyumbani, akaona plagi yake imeingia barabara, akawasha. Kinasa kilivuma, kikatoa harufu ya plastiki inayoungua, kisha kikanyamaza kabisa. Adapta ile ilikuwa ya volti 12 ilhali kinasa kilihitaji volti 6. Isitoshe, ncha zake zilikuwa zimegeuzwa.

Kosa lake ni la kawaida, kwa kuwa plagi za adapta nyingi zinafanana kwa umbo. Plagi kuingia katika tundu si dalili kwamba umeme wake unafaa. Soma maandishi yaliyo chini ya kinasa au kando ya tundu la umeme, kisha uyalinganishe na yaliyo kwenye adapta.

Jambo la kwanza ni volti, ambazo lazima zilingane. La pili ni mpangilio wa ncha, yaani chanya na hasi. Huonyeshwa kwa mchoro mdogo wa nukta iliyozungukwa na nusu duara. Alama ya kujumlisha au ya kutoa iliyounganishwa na nukta hiyo ndiyo inayoeleza sehemu ya katikati ya plagi. Adapta nyingi za siku hizi zina chanya katikati. Vinasa vya Kijapani vya miaka ya 1970 na 1980, na si vichache, vilitaka hasi katikati. Mwenye kupuuza mchoro huo anaweza kuunguza mashine kwa sekunde moja. Kuhusu kiwango cha mkondo, ambacho huandikwa kwa miliampea, adapta yaweza kuzidi mahitaji ya kinasa bila madhara. Kupungua ndiko kubaya.

Je, maandishi yakiwa yamefutika? Fungua kifuniko cha betri uhesabu. Betri moja ya kawaida ina volti 1.5, na katika vinasa vingi hupangwa kwa mfululizo. Betri nne ni volti 6, sita ni volti 9. Walkman ya kwanza ya Sony, iliyotoka 1979, ilitumia mbili, yaani volti 3. Hata hivyo, hesabu hiyo haikuelezi lolote kuhusu ncha za tundu la adapta. Ikiwa mchoro umefutika pia, mwachie fundi mwenye mita apime, au utumie betri pekee.

Kwa maoni yangu, betri ndizo bora kwa jaribio la kwanza. Nguvu yake ni ndogo, haziwezi kukurusha, na huhitaji kukisia chochote ila kufuata alama zilizochorwa ndani ya chumba chake. Lakini kichunguze chumba hicho kabla ya kuziweka. Betri zilizosahaulika humo kwa miaka huvuja. Zile za alkali huacha ungaunga mweupe unaochoma ngozi. Vaa glavu, uufute kwa pamba iliyoloweshwa siki au maji ya ndimu kidogo. Zile za bei nafuu za kaboni na zinki hutoa maji yenye asili ya asidi, na hizo hufaa kusafishwa kwa magadi yaliyoyeyushwa katika maji kidogo. Kisha pangusa kwa kitambaa chenye maji safi, uache pakauke kabisa, na usugue vibati na springi polepole kwa msasa laini hadi ving'ae.

Usichanganye betri mpya na kuukuu, wala aina mbili tofauti, kwa kuwa iliyo dhaifu ndiyo hulemewa na kuvuja. Wakati betri za Eveready zilipokuwa zikitengenezwa Nakuru, kabla ya kiwanda hicho kufungwa 2014, watu wengi walikuwa na mazoea ya kuzianika juani zikiisha. Kweli zilipata uhai kidogo, maana joto huchochea kemia iliyosalia ndani. Lakini betri iliyoanikwa hivyo ndiyo iliyovuja haraka, na redio nyingi zilioza kwa sababu hiyo.

Betri dhaifu zina hila nyingine. Zikipungua nguvu wakati wa kucheza, mota huzunguka polepole na sauti huwa nzito, ya kuburuta. Zikipungua wakati wa kurekodi, mambo hugeuka: ukija kuicheza kaseti hiyo kwa nguvu kamili, mzee wa miaka themanini husikika akiongea mbio kwa sauti ya mtoto. Basi ukisikia hivyo usidhani utepe umeharibika.

Redio kaseti kubwa zinazochomekwa moja kwa moja ukutani zinahitaji tahadhari zaidi. Umeme wa Kenya ni volti 240. Redio iliyoletwa na jamaa kutoka Marekani huenda imeundwa kwa volti 120, na ya Japani kwa 100. Tazama kama nyuma ina swichi ya kubadilisha, na kama haina, usiichomeke bila transfoma. Waya uliopasuka ubadilishwe wote, usifungwe kwa gundi ya karatasi. Fyuzi ya plagi iwe ya ampea 3, si ile ya 13 inayouzwa pamoja na plagi nyingi. Na ule mtindo wa kutumbukiza nyaya tupu katika soketi na kuzishikilia kwa njiti za kiberiti umekwisha kuua. Usifungue redio ikiwa kwenye umeme. Hata ukiichomoa, baadhi ya vipuri vyake hubaki na umeme kwa muda. Umeme ukipotea, ichomoe, kwa sababu ukirudi huja kwa kishindo.

Wenye sola au betri ya gari wakumbuke kwamba hiyo ni volti 12, mara mbili ya mahitaji ya kinasa cha volti 6. Inahitajika adapta ya kupunguza volti, pamoja na fyuzi karibu na betri, kwani nyaya zake zikigusana huweza kuwaka moto.

Kinasa kikishawaka, usiingize kaseti ya nyanya kwanza. Ingiza ile usiyoijali, uisikilize pande zote mbili, uone kama utepe unazunguka vizuri au unatafunwa. Safisha kichwa cha kusomea na kigurudumu cha mpira kwa pamba yenye spiriti kidogo. Kisha chukua ile kaseti ya thamani, utazame ukingo wa nyuma: kuna vibao viwili vidogo vya plastiki. Vivunje vyote viwili. Vikishatoka, kitufe cha kurekodi hakitashuka, na hakuna atakayeifuta sauti hiyo kwa bahati mbaya. Ikicheza sawasawa, toa nakala siku hiyo hiyo kwa kuunganisha tundu la spika za masikioni na kompyuta, huku kinasa kikitumia betri mpya.