Je, Wajua Kusoma Antena za Mapaani?

Ukitoka Kericho kupitia Litein hadi Kaplong, tazama mapaa. Antena nyingi huonyesha masafa yake kwa urefu wake. Gawanya 300 kwa idadi ya megahezi, upate urefu wa wimbi kwa mita. Kass FM, Chamgei na Kitwek, redio za Kikalenjin zinazosikilizwa sana huku kwenye majani chai, ziko katika bendi ya FM, megahezi 87.5 hadi 108. Wimbi lake ni la mita 3 hivi, na antena ya nusu wimbi ni mita moja u nusu.

Je, wajua kwamba antena ya televisheni, ile yenye umbo la mifupa ya samaki, ilibuniwa Japani mwaka 1926? Shintaro Uda ndiye aliyefanya sehemu kubwa ya kazi. Jina likamwendea mkubwa wake, Hidetsugu Yagi. Ufito mmoja tu ndio huungwa kwenye kebo. Ulio nyuma yake ni mrefu kidogo, hurudisha mawimbi. Zilizo mbele ni fupi, huyaelekeza. Basi ncha yenye fito fupi ndiyo inayotakiwa kutazama mnara, na si ajabu kuona imegeuzwa. Kenya ilizima matangazo ya analojia mwaka 2015. Picha za king'amuzi cha antena huja kwa UHF, juu ya megahezi 470, kwa hiyo ufito wa sentimita 30 hivi unatosha. Zile ndefu za karibu mita nzima ni masalio ya enzi za VHF, yenye mawimbi marefu zaidi.

Je, wajua kwa nini mvua ya alasiri hugandisha picha ya dishi ilhali redio haijali? Dishi hupokea gigahezi 11 au 12, wimbi la sentimita 2.5 tu, na matone mazito hulinyonya na kulitawanya. Intaneti ya setilaiti ya Starlink, iliyoingia Kenya mwaka 2023, hutumia masafa ya jirani. Huku Kericho, kwenye mwinuko wa mita 2,000 hivi na mvua ya mawe isiyobisha hodi, hilo si jambo dogo.

Lakini ukitumia kanuni ya urefu, jihadhari na antena fupi za mpira. Ndani mna waya uliosokotwa, hivyo urefu wa nje hudanganya: ya megahezi 433 na ya megahezi 868 zaweza kulingana kabisa. Fundi makini huipima kwa NanoVNA, kifaa kidogo cha kupimia antena, kisha huzungushia utepe shinani, karibu na skrubu, akaandika masafa na kufunika wino kwa selotepu safi. Rangi moja kwa kila bendi husaidia zaidi. Redio ya kurusha ikifungwa antena isiyo yake, nguvu hurudi nyuma na yaweza kuunguza transista ya mwisho.

Andika na aina ya kiungo (konekta) pia. Marekani iliwataka watengenezaji wa vifaa vya Wi-Fi watumie viungo visivyo vya kawaida, ili wateja wasijibadilishie antena ovyo. Wakageuza pini na tundu, hesi zikabaki zile zile. Ndiyo maana antena yaweza kukazika vizuri kabisa, na ndani pakakosa mguso wowote.